Mdhamini wa Watoto wa Jumatano: Wasifu wa Marehemu Marselina Simon Mkude

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Mapinga, na nyote mliotoka Bagamoyo mjini, Fukayosi na Dar es Salaam, asanteni kwa kuja. Mlioko juani sogeeni kwenye turubai, nafasi bado ipo. Mimi ni Angela, mdogo wake marehemu. Nimepewa kazi ya kusoma kwa sababu nilikuwa mwalimu na sauti yangu inafika mbali, ingawa leo haina nguvu. Mnisamehe nikipumzika katikati. Akina mama wenye watoto wadogo msiwanyamazishe kwa ajili yangu, marehemu asingependa.

Dada yetu mpendwa Marselina, ambaye wengi wenu mmezoea kumwita Mama Vaileth, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 katika kijiji cha Fukayosi, mtoto wa kwanza wa katekista Simon Mkude na Mama Veronika. Baba alishuka kutoka milima ya Uluguru kuja kufundisha dini, akaona muhogo unakubali, akabaki. Mama alikuwa akisimulia kwamba Marselina alichelewa kutembea kwa sababu kila mtu pale misheni alitaka kumbeba. Alipoanza kutembea ikawa zamu yake kubeba. Mimi nilikuja miaka mitatu baadaye, naye alinibeba mgongoni akiwa mdogo mno wa kubeba mtu, hata miguu yangu ikawa inaburuza chini. Kovu la kisigino ninalo mpaka leo, na kila nilipomkumbusha alisema kosa lilikuwa langu kwa kuwa mrefu.

Alisoma shule ya msingi kijijini Fukayosi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha akaenda sekondari ya masista mkoani Morogoro, akamaliza kidato cha nne mwaka 1979. Sista mmoja alimwandikia baba kwamba binti ana akili lakini anaongea wakati wa kimya. Baba alimuuliza kwa nini. Akajibu kuwa kimya cha pale kilikuwa kirefu mno. Mwaka 1981 aliajiriwa mchapaji katika ofisi za serikali mjini Bagamoyo, akapiga taipu miaka tisa. Baadaye alipata nafasi ya kusomea ukutubi hapa hapa Bagamoyo, na mwaka 1992 akapangiwa Maktaba ya Umma Kisimani, kata ya Dunda. Hakuhama tena.

Tarehe 18 Juni 1988 alifunga ndoa takatifu na Bwana Gaspari Mhagama, fundi seremala, ambaye amekaa pale mbele kwenye kiti alichokitengeneza mwenyewe. Walijaliwa watoto wawili, Vaileth na Simon. Walinunua kiwanja hapa Mapinga wakati Mapinga bado ilikuwa pori na watu wakiwauliza kama wamegombana na wenzao. Sasa viwanja vimejaa kila upande na mashemeji wa Dar wanaulizia kama kuna kipande kimebaki. Shemeji Gaspari ni mtu wa maneno machache. Katika miaka thelathini na saba ya ndoa sikuwahi kusikia wakigombana kwa sauti, kwa sababu dada alikuwa akigombana peke yake, na shemeji akimaliza kusikiliza anakwenda kupiga randa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo limewaleta wengi wenu.

Maktaba ya Kisimani ilikuwa na kibao mlangoni: watoto wa chini ya miaka mitano hawaruhusiwi. Siku moja mwaka 2016 alikuja binti mmoja, Mwanvita, mkazi wa Dunda, ambaye alikuwa ameacha shule kidato cha tatu kwa sababu ya ujauzito na alitaka kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Alikuwa na mtoto wa miezi mitano mgongoni. Mlinzi alimwonyesha kibao. Mwanvita hakubishana. Akakaa kwenye ngazi nje, juani, akafungua kitabu chake cha baiolojia, mtoto analia, yeye anasoma. Dada alimwona kupitia dirishani. Akatoka, akamwambia, "Nipe huyo. Wewe ingia." Mlinzi akamuuliza, "Na kibao, Mama Vaileth?" Akamjibu, "Kibao kinakataza mtoto kuingia. Mimi nimemshika nje." Akakaa na mtoto kwenye ngazi mpaka mchana, anamwonyesha picha za kitabu cha wanyama. Mtoto akala pembe ya twiga.

Wiki iliyofuata akaja Mwanvita na mwenzake, naye ana mtoto. Kisha wakawa wengi, ngazi zikajaa. Na siku mvua iliponyesha dada aliwaingiza wote ndani, na kile kibao akakigeuza kikaangalia ukuta.

Watu wanapenda kutafuta sababu. Wengine wameniuliza hapa msibani kama dada alipoteza mtoto zamani, au kama aliota ndoto. Hapana. Alipenda watoto wadogo na alipenda vitabu, na aliona ni ujinga vitu viwili anavyovipenda visikae chumba kimoja. Basi.

Alitandika mikeka kwenye kona ya nyuma, karibu na magazeti ya zamani ambayo hakuna anayeyasoma. Akapanga Jumatano, saa tatu asubuhi. Ili wazazi wajue, alimwomba mtendaji wa mtaa amsaidie, na mtendaji kwa wema wake akaweka tangazo kwenye gari la spika. Tangazo lilisema hivi: wazazi wote wenye watoto wa chini ya miaka mitano wanatangaziwa kuwaleta maktaba siku ya Jumatano saa tatu asubuhi bila kukosa.

Sasa nyinyi wenyewe mnajua tangazo la namna hiyo huwa ni la nini. Jumatano hiyo foleni ilifika barabarani. Kila mama na kadi yake ya kliniki mkononi. Watoto wakubwa kidogo walishaanza kulia tangu nyumbani, kwa sababu wanazijua chanjo. Bibi Ashatu, jirani wa maktaba kule Dunda, ambaye leo yuko pale kwenye kigoda, alikuwa wa kwanza, na mjukuu wake tayari ameshavuliwa shati.

"Sindano au matone?" Bibi Ashatu akauliza.

"Hakuna sindano, bibi. Leo ni hadithi."

"Hadithi nimeelewa. Mkono gani?"

Dada aliwaambia wakae tu. Wakakaa, maana mtu akishatembea kutoka mbali hawezi kurudi hivi hivi. Akasoma. Kulikuwa na mtoto mmoja wa kiume aliyekaa mbele kabisa, ameachama mdomo akisubiri matone, na hakuufunga mpaka hadithi ikaisha. Mwishoni Bibi Ashatu akakataa kuondoka. Alisema amekuja, mtoto amehudumiwa, kadi haiwezi kurudi nyumbani haina alama. Dada akachukua muhuri wa tarehe wa maktaba, ule wa kugongea vitabu, akaigonga kadi. Wote wakapanga foleni upya. Tangu siku hiyo kila Jumatano alikuwa akigonga kadi, na nesi mmoja alituma mtu kuuliza hii chanjo ya Kisimani inazuia ugonjwa gani.

Watoto wadogo hawasomi vitabu, wanavila. Dada alishona vitabu vya vitambaa kwa kanga zilizochakaa, kurasa nene zenye picha za bata, sufuria, ndizi, nyayo. Alasiri ya kila Jumatano vilifuliwa na kuanikwa kwenye uzio wa maktaba, na mgeni asiyejua alidhani pale wanaishi watu. Shemeji Gaspari alitengeneza rafu fupi, isiyopita kiuno cha mtoto wa miaka miwili. Alipoileta aliiweka mlangoni akaondoka bila kuingia. Akina baba walianza kuja pia, mmoja mmoja, wakijifanya wamesindikiza mtu.

Sitasema kwamba kila mtu alifurahi. Wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa wakijiandaa na mitihani na walikuwa na haki yao. Kelele zilikuwepo. Mwaka 2018 mtoto mmoja alikojolea ramani kubwa ya Afrika iliyokuwa imetandazwa sakafuni, na kamati ya maktaba ikaitishwa. Mwenyekiti wa kamati wakati huo, na mpaka leo, ni Mzee Abizer Hassanali, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini. Yupo hapa, nimemwona, na ameniruhusu nisimulie. Dada alinieleza kikao kile mara nyingi, kila mara anasimama na kuigiza sauti zote.

"Mama Vaileth," Mzee Abizer alisema, "maktaba ni mahali pa kusoma."

"Nao wanasoma, mzee wangu. Wameanzia kwenye kutafuna."

"Kanuni inasema kila mwanachama awe na mdhamini. Kitabu kikichanika, mdhamini anaulizwa. Hawa nani atawadhamini? Mama zao nao wengi hawana mdhamini."

"Mimi."

"Wote?"

"Wote. Andikeni jina langu."

Kamati ikaandika. Ikaamua kwamba watoto wa chini ya miaka mitano wataingia kila Jumatano asubuhi, maadamu Mama Vaileth yupo mwenyewe na ndiye mdhamini wao. Asipokuwepo, hawaingii. Mzee Abizer alidhani sharti hilo litamchosha. Hakuwa amemfahamu vizuri. Tangu hapo dada hakukubali likizo inayogusa Jumatano, hakukubali harusi ya Jumatano, na ubatizo wa mjukuu wake mwenyewe ulisogezwa. Alistaafu Agosti 2021, akaagwa kwa keki na saa ya ukutani, na Jumatano iliyofuata akapanda basi la Bagamoyo kama kawaida. Shemeji alimuuliza anakwenda wapi. Akasema, "Mimi nimestaafu kazi. Wale sijawastaafu."

Mwezi Machi 2023 miguu yake ilianza kuvimba. Alisema ni viatu. Akabadilisha viatu. Alipokubali kupimwa, figo zilikuwa zimeshachoka sana, na presha ilikuwa imekaa nazo muda mrefu bila sisi kujua. Alianza dawa, akajitahidi, na mwezi Julai 2024 madaktari wakasema sasa lazima damu isafishwe kwa mashine, Dar es Salaam, mara tatu kwa wiki. Walimpa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Akawakatalia mgonjwa wa watu, mwembamba kama alivyokuwa, mpaka wakambadilishia. Ikawa Jumatatu, Alhamisi na Jumamosi.

Mimi nilistaafu ualimu mwezi huo huo. Nilikuwa nimefundisha darasa la kwanza pale Fukayosi maisha yangu yote ya kazi. Nilikuwa nimefuta kamasi za watoto ambao leo ni wazee wa kanisa. Nilikuwa nimejiahidi kulala, kulima bustani yangu, na nisisikie tena mtoto akiniita. Nilistaafu Ijumaa, na Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya hospitali nimeshika chupa ya chai na blanketi la dada. Silalamiki. Ninasema ilivyokuwa. Tuliondoka Mapinga kabla hakujakucha, tukarudi jioni, yeye amelala begani kwangu na mimi nimelala kwenye dirisha. Wanaouguza wananielewa. Kuna uchovu ambao usingizi hauutoi.

Na Jumatano, siku ambayo tungepumzika, ndiyo aliyonivalia gauni la kwenda maktaba. Nilimwambia, "Dada, leo lala." Alisema, "Nikilala mimi, mlango unafungwa." Hakuweza tena kukaa mkekani, hivyo alikaa kwenye kiti na watoto wakakaa miguuni, kwenye ile miguu iliyovimba, wanaibonyeza kuona shimo la kidole likirudi polepole. Niliwafukuza. Akasema niwaache, wanasoma. Sauti ilikuwa imepungua kiasi kwamba akina mama waliokaa nyuma walikuwa hawasikii, lakini walikuja. Nilikaa mlangoni nikiangalia saa.

Mara ya mwisho kwenda ilikuwa tarehe 9 Aprili mwaka huu. Baada ya hapo miguu ilikataa. Kamati ilibandika tangazo mlangoni kwamba Jumatano ya watoto imesitishwa hadi Mama Vaileth atakapopona. Sina ugomvi na tangazo hilo, liliandikwa kwa nia njema. Lakini dada alipoambiwa aligeukia ukutani. Kila Jumatano tangu siku hiyo aliniuliza, "Wamefungua?" Nikamjibu, "Bado." Wiki nyingine alimuuliza Gaspari, labda akidhani mimi namficha. Gaspari akasema, "Bado, mama." Hakuogopa kufa, na Baba Paroko aliyemletea sakramenti atanishuhudia. Kilichomsumbua kilikuwa lile sharti alilolikubali mwenyewe mbele ya kamati, kwamba watoto wataingia kwa jina lake tu. Alisema, "Nilijiona mjanja. Kumbe nimewafungia."

Jumapili tarehe 6 Julai 2025, saa nane mchana, hapa nyumbani Mapinga, Marselina alifariki dunia. Tulikuwepo Vaileth, shemeji na mimi. Tulimpa uji, akasema una sukari nyingi, akafumba macho. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Sehemu inayofuata haimo kwenye karatasi mlizoshika. Zilichapwa Jumanne. Hii nimeiandika jana jioni kwa mkono, na mwandiko wangu wa uchovu hata mimi unanisumbua.

Jana ilikuwa Jumatano. Saa tatu asubuhi, tukiwa tumekaa chini ya turubai hili tukisubiri ndugu wa shemeji kutoka Songea, zikaanza kuingia bodaboda na bajaji kutoka Bagamoyo mjini. Akina mama wakashuka na watoto mgongoni. Walikuja kwa wingi hata mikeka ikapungua tukaazima kwa jirani. Nilidhani wamekuja kuhani na kuondoka. Wakakaa. Watoto wakatambaa kila mahali, mmoja akaingia chini ya meza ya kitabu cha rambirambi, mwingine akamlalia Mzee Abizer mguuni, naye akawa hajui aweke wapi mikono.

Mchana mjomba wetu Amedeus, msemaji wa familia, alisimama kama ilivyo desturi yetu. Akashukuru, akatoa ratiba ya leo, kisha akasema, "Kama kuna mtu yeyote anamdai marehemu, ajitokeze sasa azungumze na familia, ili tusimzike na deni la mtu." Kila msiba tunasema hivyo, na kila msiba watu wanaangalia chini, mjomba anakohoa, tunaendelea.

Akasimama Mwanvita. Yule wa kwenye ngazi. Alifaulu ule mtihani, sasa ni karani katika zahanati, na yule mtoto aliyekula pembe ya twiga yuko darasa la tatu. Jana alikuwa na wa pili, wa mwaka mmoja, amemwegemeza kiunoni.

"Shikamooni wazee wangu," alisema. "Mimi namdai."

Mjomba akashtuka. "Marahaba, mjukuu wangu. Unamdai kiasi gani?"

"Siyo hela, babu. Namdai Jumatano."

Mtu mmoja nyuma alicheka.

"Mkubwa wangu alimsomea," Mwanvita akasema. "Huyu hajasomewa, na aliniahidi. Kuna tangazo pale mlangoni linasema tusubiri mpaka apone. Babu, hatapona. Sasa sisi tunamsubiri nani?"

Hakulia. Ingekuwa rahisi kama angelia, tungempa maji akakaa. Alibaki amesimama akisubiri jibu, na wale wenzake wote mkekani wakawa wanatuangalia sisi wenye msiba.

Mjomba alimgeukia Mzee Abizer. Mzee Abizer akamwondoa mtoto mguuni polepole, akasimama.

"Kamati iliandika jina moja," akasema. "Siwezi kusema uongo msibani, sharti lile nililipendekeza mimi. Jina likiondoka, ruhusa imeondoka. Lakini kwetu sisi Waislamu, kabla maiti hajaingia kaburini, deni lake lazima limpate mtu wa kulibeba. Akisimama mtu hapa akasema ni langu, mimi nitakwenda kubadilisha jina, na Jumatano mlango utafunguliwa. Asiposimama mtu, sitakuwa na cha kuiambia kamati."

Watu wakamwangalia Vaileth. Vaileth kazi yake iko Dodoma na ruhusa yake inaisha Jumatatu. Wakamwangalia Simon, ambaye anaishi Mwanza. Wakamwangalia shemeji Gaspari. Shemeji aliinuka nusu. Alisema, "Mimi kusoma mbele za watu..." halafu akakaa, akaangalia mikono yake, na niliona aibu iliyomshika, nami sikutaka imshike, kwa sababu mtu huyu ametengeneza jeneza la mke wake kwa mikono hiyo hiyo siku mbili zilizopita.

Kisha wakaniangalia mimi.

Ndugu zangu, nataka mjue nilichokuwa nawaza, kwa sababu watu watasema nilikuwa na moyo mkubwa na haitakuwa kweli. Nilikuwa nawaza kitanda. Nilikuwa nawaza kwamba msiba ukiisha nitarudi Fukayosi, nitafunga mlango, na hakuna mtu atakayeniamsha. Magoti yangu yanauma. Kelele za watoto zinanipasua kichwa. Nimewahudumia watoto wa watu tangu nikiwa msichana na nimemuuguza dada yangu mwaka mzima, na nilikuwa nahisi kwamba sasa, angalau sasa, nimemaliza. Nilimkasirikia Mwanvita. Nilimkasirikia dada pia, akiwa amelala pale ndani na maua juu yake, kwa kutuachia kitu ambacho hakigawanyiki kwa ndugu.

Yule mtoto wa Mwanvita alikuwa ananiangalia. Sitawadanganya kwamba alitabasamu. Alikuwa anatafuna ncha ya kanga ya mama yake na makamasi yanamtoka.

Nikasema, "Ni langu."

"Sijasikia, Mwalimu," Mzee Abizer akasema.

"Nimesema deni ni langu. Liandike jina langu. Angela Simon Mkude."

"Utawadhamini wote?"

"Mzee Abizer, andika haraka kabla sijabadilisha mawazo."

Mjomba alimuuliza Mwanvita kama ameridhika. Mwanvita akasema ameridhika, akapiga goti akanishika mikono. Akina mama wakapiga vigelegele, halafu wakakumbuka ni msiba wakaziba midomo. Niliingia ndani nikakaa kando ya dada nikalia, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Nililia kwa uchungu na nililia kwa kuchoka, na sijui kipi kilikuwa kingi.

Marehemu ameacha mume, Bwana Gaspari Mhagama. Ameacha watoto wawili, Vaileth na Simon, na wakwe zake. Ameacha wajukuu watatu. Ameacha mdogo wake mmoja, ambaye ni mimi, na mjomba Amedeus, na shangazi, mabinamu, na ukoo mzima wa Mkude na Mhagama. Kwenye kikao cha familia kulikuwa na mabishano kama watoto wa Jumatano wahesabiwe katika orodha hii. Wengine walisema si wa damu. Nimeamua kuwataja, kwa kuwa mdhamini wao ndiye ameshika kipaza sauti.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na manesi, Baba Paroko, jumuiya ndogondogo, majirani Waislamu kwa Wakristo mliopika na kuteka maji, na kamati ya maktaba.

Baada ya mazishi tutarudi hapa nyumbani kula chakula, mtakaoweza. Jumatano ijayo, saa tatu asubuhi, maktaba ya Kisimani itafunguliwa. Akina mama leteni watoto, na mniletee kiti chenye mto, maana mkekani sikai. Mkiwa na shida yoyote, njooni kwangu. Msimwite tena Marselina. Ameitwa vya kutosha. Yeye mwacheni apumzike.